SIMU ILIANZA SIKIONI, SASA INALALA KITANDANI: Miaka 50 ya Kuogopa Kitu Kimoja na Kuumizwa na Kingine

Kuna kijana mmoja wa Dar ambaye kila mtu anamjua, maana kila mtaa unaye. Usiku akitaka kulala anaiweka simu mbali na kichwa, kwa sababu aliwahi kusikia kwamba "mionzi inaleta kansa". Safi kabisa. Ila sasa, anaiweka mbali saa nane usiku, baada ya kuperuzi saa nne mfululizo huku shingo imekunjwa kama mpini wa mwavuli na macho yamekuwa mekundu. Na saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe kituoni kugombania daladala.

Usimcheke. Anaogopa kitu alichofundishwa kuogopa, na hofu yake ina umri mkubwa kuliko yeye. Stori ya hofu hiyo ni ndefu kidogo, twende taratibu.

KILO MOJA SIKIONI

Tarehe 3 Aprili 1973, injinia mmoja wa kampuni ya Motorola alisimama barabarani New York, Marekani, ameshika dude lenye uzito wa zaidi ya kilo moja. Akapiga simu. Unajua alimpigia nani? Alimpigia injinia wa Bell Labs, wapinzani wao waliokuwa wanakimbizana nao kwenye kazi hiyohiyo. Yaani simu ya kwanza ya mkononi duniani ilipigwa kumringishia mtu.

Betri ya dude lile ilidumu dakika 20 hivi za maongezi. Baadaye injinia mwenyewe alikuwa anatania kwamba hilo wala halikuwa tatizo, kwa sababu hakuna mtu ambaye mkono wake ungeweza kulishikilia muda wote huo. Ni utani, lakini una ukweli ndani yake: simu ilijiwekea kikomo yenyewe. Mkono ukichoka, maongezi yameisha.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1983, Motorola ikapewa ruhusa ya kuiuza DynaTAC 8000X. Bei yake dola 3,995, uzito karibu gramu 800. Unaichaji saa 10 ili uongee nusu saa. Kwa simu ya namna hiyo, nani angeweza kuwa mtumwa wake?

Tanzania nayo ikaingia kwenye mchezo mwaka 1994 kupitia Mobitel. Simu ilikuwa kitu cha wakubwa na wafanyabiashara. Hata baadaye zilipoanza kushuka mitaani, vocha ilikuwa inauma, ndiyo maana watu wakavumbua kubipu: unamlilisha mwenzako mara moja, unakata, mwenye hela apige. Kwa miaka mingi mtumiaji wa kawaida alilindwa na mfuko wake.

MWANAUME WA FLORIDA NA USIKU WA TELEVISHENI

Sasa hofu ilianzia wapi? Januari 1993, mwanaume mmoja wa Florida alikaa kwenye kipindi maarufu cha mahojiano cha CNN akasema mke wake amefariki kwa uvimbe kwenye ubongo, na kwamba anaamini chanzo ni simu ya mkononi. Alikuwa amefungua kesi. Uvimbe, alisema, ulikaa upande uleule ambao marehemu alikuwa anashikia simu.

Hapo vaa viatu vya mtazamaji wa siku ile. Simu ni kitu kipya, kina antena, unakibandika kichwani, halafu mume aliyefiwa anakuambia kimemuua mke wake. Hisa za Motorola zilishuka kwa kasi ndani ya siku chache. Kesi yenyewe ilitupwa na mahakama mwaka 1995 kwa kukosa ushahidi wa kisayansi, lakini picha ilishabaki vichwani mwa watu. Hukumu haikusambaa kama ilivyosambaa hofu.

Na penye hofu, wafanyabiashara hawachelewi. Vikaingia sokoni vibandiko vidogo vya kuweka kwenye simu "kuzuia mionzi". Mwaka 2002, tume ya biashara ya Marekani ilizishtaki kampuni mbili kwa kudanganya wateja kuhusu vitu hivyo.

Mwaka 2004 Nigeria ikatikiswa na uvumi kwamba kuna namba fulani, ukipokea simu yake tu, unakufa papo hapo. Kampuni za simu zililazimika kujitokeza kukanusha. Mwaka 2007 uvumi wa aina hiyohiyo ukaibuka Pakistani. Na Aprili 2020, katikati ya korona, Uingereza watu walichoma minara ya simu kwa kuamini kwamba 5G ndiyo inaeneza ugonjwa. Mnara mmoja kati ya iliyochomwa ulikuwa unahudumia hospitali ya dharura iliyojengwa Birmingham kwa ajili ya wagonjwa wa korona. Fikiria hapo: ndugu hawaruhusiwi kuingia wodini, simu ndiyo njia pekee ya kusikia sauti ya mgonjwa wako, halafu mtu anaenda kuchoma mnara ili "kuokoa maisha".

KUMBE MIONZI IPO YA AINA NYINGI

Neno "mionzi" ndilo lililoleta balaa. Mtu akilisikia anawaza X-ray, anawaza Hiroshima. Lakini mawimbi ya simu yako kwenye familia moja na mawimbi ya redio na televisheni. Nguvu yake ni ndogo kuliko hata ya mwanga wa kawaida wa taa. X-ray ina nguvu ya kuvunja vinasaba ndani ya seli, na hapo ndipo saratani inaweza kuanzia. Wimbi la simu halina ubavu huo. Linachoweza kufanya ni kupasha mwili joto kidogo sana, na hata hilo limewekewa mpaka: Marekani ni wati 1.6 kwa kila kilo ya mwili, Ulaya ni wati 2.

Ila wanasayansi hawakuishia kwenye nadharia, walienda kuhesabu watu. Denmark walifuatilia watu zaidi ya 420,000 waliojiunga na simu za mkononi kabla ya mwaka 1996, wakaangalia nani kapata saratani. Hawakuona ongezeko. Utafiti mwingine mkubwa uliitwa Interphone, ukafanyika kwenye nchi 13 na kutoa majibu mwaka 2010. Kwa ujumla nao haukuona hatari, isipokuwa kwa kundi dogo la waliosema wameongea na simu saa nyingi kuliko wote, ambako kulionekana ongezeko la aina moja ya uvimbe wa ubongo. Tatizo, hao walikuwa wanakumbuka kwa kichwa waliongea kiasi gani miaka kumi nyuma, na wengine walitaja saa ambazo hata watafiti wenyewe waliona haziingii akilini.

Kwa sababu ya mashaka hayo, Mei 2011 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, kilichopo Lyon, Ufaransa, kikayaweka mawimbi ya simu kwenye kundi la 2B, yaani "huenda yakasababisha saratani". Vichwa vya habari vikalipuka dunia nzima. Ambacho wengi hawakuambiwa ni kwamba kundi hilohilo lina achari za mboga za Kiasia, na baadaye likaongezewa dondoo ya jani zima la mshubiri, ule aloe vera ambao kuna watu wanaunywa asubuhi kama dawa. 2B maana yake ushahidi ni mdogo, endeleeni kuchunguza. Haimaanishi mtu amehukumiwa kifo.

Wakaendelea kuchunguza kweli. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi ulioagizwa na shirika hilohilo la afya, uliopitia tafiti 63 za kuanzia 1994 hadi 2022. Jibu: hakuna uhusiano ulioonekana kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliotumia zaidi ya miaka 10. Hata bila darubini unaweza kuona: tangu miaka ya tisini simu zimejaa mifuko ya dunia nzima, lakini saratani ya ubongo haikupanda kwa kasi hiyo.

Je, ina maana simu haina madhara? Hapana bwana. Hapo ndipo stori inapogeuka.

WAKATI WANAPIMA SIKIO, SIMU IKAHAMA

Cheki kilichotokea. Kwa miaka 30 watafiti walikuwa wanachunguza simu iliyobandikwa sikioni, na katika miaka hiyohiyo simu ikatoka sikioni.

Ilianza kimyakimya. Desemba 1992, Uingereza, ulitumwa ujumbe mfupi wa kwanza wa maandishi, wa kutakiana heri ya Krismasi. Mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, kile kitochi ambacho kila nyumba ya Kiswahili ilikuwa nacho. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Watu wakaanza kuchati kwa vidole. Kazi ikahama kutoka kwenye sikio kwenda kwenye dole gumba.

Na dole gumba likaanza kulalamika. Kuna maumivu ya kano za upande wa dole gumba kwenye kifundo cha mkono ambayo daktari mmoja wa Uswisi aliyaeleza tangu 1895. Enzi hizo yalijulikana kwa akina mama wanaofua na kukamua nguo kwa mikono. Miaka ya 2000 maumivu ya jamii hiyo yakaonekana kwa watu wa maofisini, magazeti ya Marekani yakayaita "dole gumba la BlackBerry". Yaani mfua nguo na bosi mwenye tai wakajikuta wanaumwa sehemu moja.

Juni 2007 iPhone ya kwanza ikaingia madukani, simu yote kioo. Mwaka mmoja kabla yake, injinia mmoja kijana alikuwa amebuni kitu kidogo tu: ukurasa usio na mwisho. Zamani ukifika chini ya ukurasa ilibidi ubonyeze kwenda unaofuata. Yeye akaondoa hicho kituo, ukishuka vinakuja vingine, ukishuka tena vinakuja vingine. Alitaka kumrahisishia mtumiaji. Miaka ya baadaye alijitokeza hadharani akasema anajuta, kwa sababu aliona kilichofanyika na wazo lake. Februari 2009 Facebook ikaleta kitufe cha laiki, na kuanzia hapo mtu akiposti picha, anarudi kila baada ya dakika mbili kuhesabu.

Kile kikomo cha mwaka 1973 kiko wapi sasa? Uzito umeisha, simu ni gramu 200 hivi. Betri inakaa siku nzima. Vocha ya kuunga kwa dakika imegeuka bando. Na ukurasa hauna mwisho. Breki zote zimeng'olewa moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeandamana.

SHINGO, MACHO, NA KITANDA

Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo huko New York alipiga hesabu kwa kompyuta. Kichwa cha mtu mzima kikiwa wima kina uzito wa kilo 5 hivi. Ukikiinamisha nyuzi 30, shingo inabeba mzigo wa kama kilo 18. Ukifika nyuzi 60, pale kidevu kinapokaribia kifua, ni kilo 27. Zaidi ya mfuko mzima wa unga wa kilo 25! Shingo haitavunjika leo, lakini ukikaa hivyo saa kadhaa bila kujinyoosha, usishangae mabega yakikaza.

Macho nayo yana kesi yake. Kwa kawaida mtu anapepesa kope kama mara 15 kwa dakika, na kila mara jicho linapata maji yake. Ukikodolea skrini, kupepesa kunapungua hadi nusu au chini ya hapo. Ndiyo ule mchanga unaouhisi machoni usiku. Madaktari wa macho wana kanuni rahisi: kila dakika 20, inua macho uangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Haina gharama.

Lakini kubwa kuliko yote ni usingizi, na hapa Waswahili wana historia yao wenyewe. Wale waliokuwa vijana miaka ya mwisho ya 2000 wanakumbuka ofa za usiku. Mchana dakika moja ilikuwa ghali, usiku wa manane bei inaanguka. Wapenzi wakawa wanalala mapema, wanaweka alamu ya saa sita, wanaamka kuongea mpaka jogoo anawika. Baadaye likaja bando la intaneti la usiku, la kumaliza kabla hakujakucha. Darasani watu wanasinzia, ofisini watu wanasinzia, na hakuna aliyekwenda hospitali kusema anaumwa simu. Kwa hiyo kabla hata ya TikTok, usingizi ulishauzwa kwa bei ya ofa.

Skrini zikaongeza yao. Watafiti wa Boston waliwaweka watu 12 maabara, usiku kadhaa wakasoma kitabu cha karatasi, usiku mwingine wakasoma kwenye kifaa chenye skrini ya mwanga kwa saa nne kabla ya kulala. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2014. Wakiwa kwenye skrini, homoni ya usingizi iitwayo melatonini ilipungua kwa zaidi ya nusu, walichelewa kusinzia kwa kama dakika 10, na asubuhi waliamka na uchovu zaidi. Mwanga wa skrini, hasa ule wa buluu, unauambia ubongo bado ni mchana.

Utasema dakika 10 si kitu. Kweli, dakika 10 si kitu. Lakini wale watu wa maabara walikuwa na mtu wa kuwazimia taa saa ikifika. Kijana wa Dar hana wa kumzimia. Mwanga unamwibia dakika 10, ule ukurasa usio na mwisho unamwibia saa nne. Na mtu anayelala saa nne kila siku haumwi kitu chenye jina. Anakuwa mkali bila sababu, anasahau, presha inaanza kupanda taratibu akiwa na miaka 30, na mwili unadai sukari na chipsi usiku. Akienda kupima ubongo, yuko fiti. Mionzi haijamgusa.

BARABARANI HAKUNA MAJADILIANO

Kuna madhara mengine ambayo hayasubiri miaka. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano mara nne hivi zaidi wa kupata ajali kuliko asiyetumia. Na kuweka spika au vifaa vya masikioni hakuokoi sana kama watu wanavyodhani, kwa sababu kinachokosekana ni akili, mkono ulishakuwepo kwenye usukani muda wote.

Sasa simama kwenye kituo chochote Dar, Nairobi au Mwanza uangalie bodaboda zinavyopita. Simu imebanwa kati ya shavu na helmeti, jamaa anaongea na abiria wake wa kesho huku wa leo yuko nyuma kashikilia. Abiria naye anachati. Huyo abiria ndiye yule anayesema hataki kukaa karibu na mnara wa simu, anaogopa afya yake.

Tatizo si la hapa tu. Honolulu, Marekani, mwaka 2017 walianza kuwatoza faini wanaovuka barabara huku wanaangalia simu. Augsburg, Ujerumani, mwaka 2016 walichimbia taa nyekundu chini, kwenye njia ya treni za mjini, kwa sababu watu walikuwa hawainui tena macho kuona taa za juu. Serikali zimekubali kwamba macho ya binadamu yamehamia chini.

SASA AZIME SIMU?

Rahisi kusema. Kuna dada anauza nguo kwenye simu, mteja akiandika saa tano usiku "bei gani?" na asipojibiwa, anahamia duka lingine. Kuna bodaboda ambaye bila simu hana abiria. Kuna mama anayepokea hela ya mwanaye kwa simu tangu huduma hizo ziingie Tanzania mwaka 2008. Kuwaambia hawa "achaneni na simu" ni sawa na kumwambia mvuvi aachane na maji.

Ila mvuvi anajua saa ya kurudi pwani. Historia yote hii inaonyesha kitu kimoja: simu ilipokuwa nzito, ghali na yenye betri mbovu, ndivyo vilivyokuwa vinamwambia mtu basi. Vimeondoka, na hakuna kampuni itakayovirudisha. Mwaka 2018 watengenezaji wakubwa wa simu wenyewe walianza kuweka sehemu ya kukuonyesha umetumia saa ngapi kwa siku, wengi wakaifungua mara moja, wakashtuka, wakaifunga. Kikomo kilichobaki ni kile anachojiwekea mwenye simu: chaja ikae sebuleni badala ya kando ya mto, saa ya alamu ya elfu chache ichukue kazi ya kuamsha, dereva apaki pembeni ndipo apokee.

Na yule kijana wa Dar? Leo tena, saa nane usiku, ameiweka simu mbali na kichwa chake. Ameinyoosha hadi mwisho wa mkono, kioo kikiangalia chini, ili mionzi isimfikie. Akafumba macho. Baada ya dakika moja simu ikatetemeka.

Akanyoosha mkono.

Wewe ya kwako inalala wapi? Dondosha maoni hapo chini, na usiseme uongo, saa ya kukomenti itaonekana.